Sindano, sufuria na daftari: mafundisho ya wamama huko Kama



Katika mikutano mingi tunayofika, swali la mashini ya kushona linakuja mwisho kabisa, wakati watu wameanza kubeba viti vyao. Wamama wanaomba mashini. Wababa wanatazama chini, halafu mmoja anauliza: feza yetu ya mpunga na mafuta ya ngazi, tuiingize jikoni juu ya nini? Huko Kama, katika teritware ya Pangi, swali hilo halikungoja mwisho. Lilikuja mara tu mwandishi alipomaliza kusoma hesabu ya kese, tena kwa sauti kubwa. Sisi tulikuwa pale, na tulinyamaza, kwa maana yule baba alikuwa na haki nusu. Kosa la kwanza lilikuwa letu.

Tulipoanza mafundisho Kama tulibeba uzi wa rangi, sindano ndogo na vitambaa vyeupe. Wamama walijifunza kupamba vitambaa vya meza na foronya za mito: maua, ndege, majina ya wenye nyumba. Kazi ilikuwa nzuri kweli. Mikono inayosuka mkeka na kitunga tangu utoto haishindwi na sindano. Kisha miezi mitatu tulivipanga sokoni. Watu walisimama, wakagusa, wakasifu, wakaenda kununua chumvi. Kati ya watu wa Kama nani anatafuta kitambaa cha meza? Vilirudi katika masanduku, vichache vikatumika kufunika sahani siku ya ndoa. Saa zile wamama wangeweza kupalilia karanga.

Namna ile ya kufundisha hatukuizusha sisi. Wazee wanakumbuka foyer social za wakati wa Wabeleji. Ile ya Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, ilifanya kazi tangu 1946 mpaka 1960. Bibi za wafanyakazi wa mjini walifundishwa kushona, kutia viraka, kupika, kupiga pasi na kutunza mtoto mchanga, na walimu waliwatembelea nyumbani kuona kama fundisho limeshika. Kenya nako, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa 1952, na vikundi vyake vilianza na mambo hayohayo: sindano, sufuria, ufundi wa mikono. Hatusemi yalikuwa mabaya. Mama anayejua kushona shati la mtoto ameokoa feza. Lakini foyer ya mjini iliwaza juu ya nyumba ambayo mshahara wa baba unaingia kila mwezi, na kazi ya mama ni kuupanga vizuri. Katika Kama mshahara wa namna hiyo ni wa watu wachache. Mama mwenyewe ndiye anayelima, anayetwanga, anayeuza. Baba au kijana yuko kwenye machimbo ya zahabu, na feza yake inafika siku inayotaka kufika. Ukimfundisha mama huyo kupamba meza, umemfundisha kazi ya nyumba ya mtu mwingine.

Basi tulirudi kwa wamama na kuwauliza swali ambalo tulipaswa kuliuliza siku ya kwanza: ni kitu gani mnakinunua kila mwaka, mkitaka msitake? Jibu lilikuja upesi. Iniforme ya masomo. Watoto wa inchi yetu yote, toka Kinshasa mpaka kijiji cha mwisho, wanavaa juu nyeupe na chini bluu, na mtoto asiye na iniforme anaweza kurudishwa mlangoni. Soko hilo halina haja ya kutangazwa. Kila mwaka, wiki chache mbele ya masomo kufunguliwa, mashati na sketi zinafika Kama juu ya pikipiki, na bei yake inabeba mafuta ya pikipiki na vizuizi vyote vya njiani.

Wamama wanne walikuwa wamekwisha jua kushona kidogo, na kulikuwa mashini moja ya miguu. Walianza na sketi za wasichana wa miaka kama 10. Waliuza zote. Furaha ilikuwa kubwa, nyimbo zikaimbwa. Halafu walipotaka kununua kitambaa cha mara ya pili, feza haikutosha. Ilikwenda wapi? Wengine walianza kumtazama mama mweka kese kwa jicho baya, na kikundi kilikaribia kuvunjika hapo, juu ya mwizi ambaye hakuwako.

Ndipo daftari lilipoingia. Tuliketi chini ya mti na tukaandika sketi moja tu, kitu kwa kitu. Hapa tunatia hesabu ya mfano, kwa kuwa bei za kwenu si za Kama, lakini njia ni ileile. Tuseme kitambaa ni franka 6,000, uzi 500, tireti na kifungo 1,000. Jumla 7,500. Waliuza sketi 8,000 na wakasema faida ni 500. Lakini sindano zinavunjika na mashini inataka mafuta: weka 200 kwa kila sketi. Na mashini yenyewe? Tuseme ilinunuliwa 360,000, na tunataka itumike miaka 5, nguo 240 kila mwaka. Hizo ni nguo 1,200. Gawanya: kila nguo inakula franka 300 za mashini. Sasa jumlisha tena: 7,500 na 200 na 300 ni 8,000 kamili. Mama ameshona nusu siku, ameacha mtoto kwa jirani, na mkononi mwake hakuna kitu.

Wamama walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Mmoja, mama mzee ambaye hakuwahi kukaa darasani, alisema kwamba hata mandazi yake anayauza hivyohivyo tangu miaka mingi: anahesabu unga na mafuta, hahesabu kuni wala mgongo wake.

Marekebisho yalikuwa mawili. La kwanza ni mkasi. Ukikata sketi moja moja, vipande vingi vinabaki vya bure. Ukitandika kitambaa na kupanga sketi tatu au nne kwa mara moja, kiuno cha moja kikiingia penye nafasi ya nyingine, unaokoa. Tulikata mifano ya karatasi kwanza, ya mifuko ya simenti, tukaisukasuka juu ya kitambaa mpaka ikaa vizuri. Fundisho hilo lilichukua siku mbili nzima na hatujutii hata saa moja. La pili ni kununua rola nzima kwa jina la koperative, wakati wajumbe wanapopeleka mpunga Kindu, badala ya kila mama kununua metre moja dukani. Katika mfano wetu kitambaa kinashuka mpaka 4,800. Hesabu inakuwa 6,300, na 500 ya sindano na mashini, jumla 6,800. Sketi ikiuzwa 8,500, ambayo bado ni chini ya ile ya pikipiki, 1,700 inabaki kwa mikono iliyoshona. Si mali nyingi. Lakini inajulikana ilipo.

Hapa tunataka kusema neno juu ya mashini yenyewe, ingawa halipendezi. Mashini ile ya kwanza ya miguu ilikuwa ya pili kwa kweli. Nyingine ilitolewa zamani kwa mama mmoja, mkononi mwake, bila karatasi. Mume wake alipopata deni kwenye machimbo, mashini ilitoka nyumbani usiku na haikurudi. Mama hakuwa na mahali pa kushitaki, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ni ya nani. Kisa hiki tumekisikia pia mahali pengine, na kila mara watu wanasema ni shauri la nyumba.

Mashini ya kikundi iandikwe katika daftari la mali ya koperative, pamoja na namba iliyochongwa juu ya chuma chake, na wajumbe watatu watie sahihi. Mama anayeishika nyumbani anaishika kama mtunzaji. Hapo hata mume mwenye deni anajua kwamba akiibeba, amebeba mali ya watu wote, mpunga wa jirani zake ndani yake.

Tena wamama wengi bado wanaamini hawawezi kutia sahihi ya mkopo bila ruhusa ya bwana. Zamani ilikuwa hivyo. Sheria ya jamaa ya 1987 ilidai mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mambo ya mapatano mbele ya sheria. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliigeuza: ruhusa ile imeondolewa, na bibi na bwana wanapaswa kuelewana. Kuelewana ni njia ya pande mbili; baba naye anapaswa kumuuliza mama. Tulipolisema hilo katika mkutano kulikuwa na kelele, na mzee mmoja akauliza kama sheria hiyo imefika Kama kwa miguu au bado iko njiani. Tulicheka wote. Lakini wamama wawili walikuja nyuma, pembeni, wakaomba tuwaandikie ile tarehe juu ya karatasi.

Sasa tuingie jikoni, kwa sababu wababa wengi wanafikiri hapo ndipo feza inapotea.

Fundisho la kupika lililotuchukua muda mrefu kuliko yote si la keki wala la sambusa. Ni la unga wa muhogo. Kila mtu anajua kwamba muhogo mchungu una sumu na unapaswa kulowa majini siku tatu au zaidi, kisha kukauka juani. Lakini miezi ya njaa inapofika, au mnunuzi anaposimama mlangoni na feza mkononi, siku tatu zinakuwa mbili, na mbili zinakuwa moja. Unga unaonekana mweupe, ugali unashika vizuri, na sumu imo ndani. Katika Kwango, upande wa magharibi wa inchi yetu, njia hiyo fupi imevunja watu. Ugonjwa unaitwa konzo. Mganga Mwitaliano, Trolli, aliuandika mara ya kwanza mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekauka, na haiponi tena. Unashika zaidi watoto na wamama wa umri wa kuzaa, hasa katika nyumba zinazokula muhogo tu, bila maharagwe, samaki wala nyama, kwa kuwa mwili unahitaji vyakula hivyo ili uishinde sumu.

Dawa ya jikoni iko, nayo haigharimu kitu. Mtaalamu Bradbury wa Australia ndiye aliyeipanga, na watu wa PRONANUT, programu ya taifa ya chakula bora, waliipeleka katika vijiji vya Popokabaka tangu 2010. Katika kijiji cha kwanza, Kay Kalenge, hakukutokea mgonjwa mpya wakati wa kazi hiyo. Tumeifanya na wamama wa Kama hivi. Mimina unga mkavu katika bakuli, usawazishe, halafu piga alama ndani ya bakuli pale unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha kutia maji. Utandaze juu ya mkeka safi, unene usizidi kidole, yaani kama sentimetre 1. Uache juani saa 2, au kivulini saa 5. Sumu inapanda hewani na kwenda. Halafu pika ugali siku hiyohiyo, usiulaze, maana unga ulioloweshwa unaharibika.

Mara ya kwanza wamama walikataa. Unga uliolowa unaonekana kama umeharibiwa, na mama mkwe akikuta unga umetandazwa majimaji juu ya mkeka, ataita jamaa yote. Tulipika sufuria mbili, moja ya unga wa kawaida, moja ya unga ule, tukawapa wababa waonje bila kuwaambia ni upi. Wengi walichagua ule wa mkekani, wakasema hauna uchungu nyuma ya ulimi. Tangu siku hiyo hatukuhitaji kusema sana. Hii haiondoi kulowesha siku tatu. Ni ulinzi wa pili, hasa kwa unga ulionunuliwa sokoni ambao hujui ulikaa majini siku ngapi. Na koperative inayouza unga ifikiri vilevile juu ya jina lake.

Juu ya uji wa watoto tutasema kidogo, tumekwisha andika mara nyingi: mahindi vikombe viwili, soja kimoja, na soja ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa kuwa soja mbichi inasumbua tumbo. Mafuta mekundu ya ngazi kijiko kimoja juu yake, yana vitamini A ambayo macho ya mtoto yanataka. Msiyachemshe mpaka yawe meupe. Wekundu ndio mali yenyewe.

Mafuta hayohayo yalituleta kwenye sabuni, na hapo tulijiaibisha. Maniema ina ngazi nyingi, na sabuni inanunuliwa kila wiki. Kipimo tunachofundisha ni kilo 1 ya mafuta, gramu 130 za soda kostiki na gramu 350 za maji. Pima kwa mizani, kijiko kinadanganya. (Mizani ya wanunuzi wa zahabu tuliyotaka kuazima ni ndogo mno, tukalazimika kuagiza ya jikoni.) Tia soda ndani ya maji, kamwe usitie maji juu ya soda, maana yanaruka na kuunguza macho. Fanya nje, penye hewa, watoto wakae mbali. Soda ikishayeyuka na kupoa, imimine katika mafuta ya vuguvugu na ukoroge mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji. Mimina katika kisanduku, kata kesho yake, halafu uache vipande vikauke wiki nne kabla ya kuuza. Anayeuza mapema anaunguza mikono ya wateja wake.

Na aibu yetu? Tulikuwa tumesema ndoo ya plastiki. Siku ile ndoo haikuonekana, na mmoja wetu, kwa haraka, akatumia sufuria ya aluminiamu ya mama mwenye nyumba. Soda na aluminiamu havipatani. Ilichemka yenyewe bila moto, ikatoa moshi, watu wakakimbia, na sufuria ikabaki na matundu madogo kama chujio. Tulinunua nyingine. Mpaka leo tukifika Kama, watoto wanaficha sufuria.

Turudi kwenye mkutano na swali la yule baba. Wamama hawakujibu kwa maneno mengi. Mama mweka kese alisimama na daftari, akasoma sketi moja, kitu kwa kitu, kama tulivyoandika hapo juu. Kisha akamuuliza mwandishi asome kilo moja ya mpunga kwa namna ileile: mbegu, kulima, kufukuza ndege, kukoboa, magunia, pikipiki. Mwandishi alifungua daftari lake, akatafuta, akalifunga. Hesabu hiyo haikuwamo. Ilikuwa bei ya kuuza tu.

Kelele zilikaa muda. Wengine walitaka wamama wajitenge na kuanzisha koperative yao, maana kwa sheria ya OHADA watu 5 wanatosha kwa koperative ndogo. Wamama walikataa, walisema rola ya kitambaa inakuwa rahisi kwa sababu inapanda pamoja na safari ya mpunga. Mwishowe mkutano ulikubali mashini ya pili, si kama zawadi bali kama mkopo wa kese, wa kulipwa kwa awamu tatu baada ya masomo kufunguliwa. Na waliandika sharti moja ambalo hatukulitazamia: mama mweka kese afundishe komite ya mpunga kuandika hesabu ya kilo, Alhamisi mbili mfululizo.

Mashini ilifika wiki nne baadaye, kichwa juu ya pikipiki moja, miguu juu ya nyingine. Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu ulikuwa umesahauliwa Kindu. Kwa siku tisa, mpaka mkanda ulipofika, mtoto mmoja mmoja alikaa upande wa kuume na kuzungusha gurudumu kwa mkono huku mama anashona, na mashati meupe 14 ya kwanza yalitoka hivyo.